Udhibiti wa ukirali kwa nuru

Udhibiti wa ukirali kwa nuru ni matumizi ya nuru katika usanisi wa kemikali ili kupata umbo moja la molekuli kati ya mawili. Molekuli ni kirali ikiwa hailingani na taswira yake ya kiooni, kama vile kiganja cha kushoto kisivyolingana na cha kulia. Maumbo hayo mawili huitwa enantioma.

Umuhimu

Mwili hutofautisha enantioma. Enantioma moja ya karvoni hunukia kama mnanaa, nyingine kama kisibiti. Katika dawa, moja inaweza kutibu na nyingine kudhuru au kutofanya kazi. Hata hivyo, usanisi wa kawaida mara nyingi hutoa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, uitwao rasemi. Zikitenganishwa, nusu ya bidhaa inaweza kupotea.

Historia

Mwaka 1848 Louis Pasteur alitenganisha kwa mkono fuwele za aina mbili za chumvi ya asidi ya tartari. Mwaka 1874 Joseph Achille Le Bel alipendekeza kutumia nuru ambayo uga wake wa umeme huzunguka kushoto au kulia inaposafiri. Werner Kuhn alionyesha mwaka 1929 kwamba nuru hiyo huharibu enantioma moja haraka kuliko nyingine. Lakini tofauti inayopatikana kwa kawaida ni ndogo sana.

Njia ya kichocheo

Enantioma mbili zina nishati sawa, kwa hiyo kichocheo cha kawaida hakiwezi kugeuza rasemi kuwa enantioma moja: huharakisha mabadiliko ya kwenda na ya kurudi kwa kiasi kilekile. Nuru huleta nishati ya kuvunja usawa huo.

Mwaka 2018 kundi la Thorsten Bach katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, Ujerumani, lilitumia kichocheo kirali kinachofyonza nuru. Kichocheo hicho huipa nishati enantioma moja zaidi ya nyingine. Molekuli iliyopata nishati hupoteza ukirali wake kwa muda mfupi, kisha hurudi katika umbo lolote kati ya mawili. Mzunguko ukirudiwa, enantioma isiyopokea nishati kwa urahisi hulimbikizana. Kwa molekuli za aleni, ziada yake ilifikia asilimia 97.

Katika njia hii nuru haihitaji kuzunguka. Kinachochagua umbo ni kichocheo. Hufaa tu kwa molekuli zinazoweza kupokea nishati ya kichocheo husika.