Kilimani: Mtaa Usio na Hesabu Yake

Kilimani inajulikana na kila mkaazi wa Nairobi, lakini hakuna ofisi moja inayoisimamia. Si mji wala manispaa. Kwenye uchaguzi ni wadi mojawapo ya tano za eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Kabla ya mipaka kubadilishwa mwaka wa 2012, ilikuwa sehemu ya Westlands. Chifu ana mipaka yake, mwakilishi wadi ana yake, na dalali wa nyumba huivuta Kilimani hadi Hurlingham au Woodley, popote jina hilo linapopandisha kodi. Sensa ya 2019 iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, ilhali maeneo bunge ni 17. Kwa hiyo anayetaka kujua ni watu wangapi wanaoishi Kilimani hana budi kuuliza kwanza: Kilimani ya nani?

Swali hilo si la wachora ramani peke yao. Serikali ya ukoloni iliutenga upande huu wa magharibi, wenye udongo mwekundu na hewa ya juu, kwa makao ya Wazungu, huku Waafrika wakisukumwa Eastlands. Ploti zikawa pana, nyumba moja katikati ya bustani. Hata baada ya uhuru, mwongozo wa ujenzi wa jiji uliiweka Kilimani katika ukanda wa nne na kuruhusu majengo ya orofa nne tu, tena penye mabomba ya maji taka. Leo, kando ya barabara za Lenana, Wood Avenue na Kindaruma, orofa 10 au 15 si ajabu.

Tuchukue ploti moja kama kielelezo. Sensa ya 2019 ilionyesha wastani wa watu 2.9 kwa kila kaya jijini. Jengo la fleti 100 basi lina watu wapatao 290, mahali palipokuwa na familia moja na watumishi wake. Kibali cha jengo hilo hutolewa ploti kwa ploti, lakini maji yake machafu hayajui ploti. Huteremka kuelekea Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, mito ambayo maji yake huishia katika Mto Nairobi. Jiografia ya Kilimani ni ya miinuko na mabonde. Anayeishi bondeni hupokea athari za kila kibali kilichotolewa juu yake. Ndiyo maana nasema kujumlisha vibali si kupanga mtaa.

Wapo pia wasioonekana katika hesabu ya wakaazi. Sensa humhesabu mtu alikolala. Mama fua, fundi wa mjengo na muuza chakula kibandani hufika alfajiri kutoka Kawangware, Kangemi au Kibra na kurudi jioni. Wanatumia njia, vyoo na maji ya Kilimani mchana kutwa. Mpango unaowasahau hawa umeusahau mtaa wenyewe, na kwangu hilo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la takwimu.

Nikisema Kilimani ihesabiwe kama mtaa mmoja, huenda mtu akajibu kwamba kuipa Kilimani baraza lake kutaigawa Nairobi upya, wenye nacho wakijitenga na majirani zao wa Kawangware. Hofu hiyo ina msingi, nami sitetei baraza. Lakini hesabu haihitaji baraza. Huko Marekani kuna jamii nyingi ndogo zisizo na serikali zao za mji. Tangu sensa ya 1950, idara ya sensa ya nchi hiyo imekuwa ikizichorea baadhi yake mipaka ya kitakwimu, bila kuziongezea mamlaka yoyote. Jina ambalo watu wanalitumia linapewa mpaka, na mpaka unapewa idadi.

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, linaweza kufanya vivyo hivyo kwa mitaa ya Nairobi, likifuata mabonde ya mito na barabara kuu kama Ngong Road, kisha kuongeza makadirio ya watu wa mchana. Sensa ijayo inatarajiwa 2029, na ramani za wahesabu huchorwa mapema. Kilimani ichorwe humo kwa jina lake, na Kawangware pia, ili afisa wa kaunti anayepokea ombi la orofa 20 awe na idadi ya watu mezani kabla hajatia sahihi.