Kompyuta Ilipofika, Fundi Alikuwepo

Makanya ni mji mdogo wa tambarare katika wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare. Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita hapo, na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha vilevile. Mvua nyingi huishia milimani. Huku chini kuna mkonge, machimbo ya jasi, mifugo na vumbi. Mtu akisikia kwamba kijana wa mji kama huu ameunganisha kompyuta ya mezani kwa vipuri vya kuokoteza, ikagoma kuwaka, naye akahangaika nayo mpaka ikawaka, maelezo huwa anayo tayari: kijana ameiga mambo ya ng'ambo, hayana mizizi hapa. Maelezo hayo nayakataa. Mashine ni ngeni, sibishi. Lakini utaratibu wa kuitafutia hitilafu haukuja nayo. Ulikuwepo nchini kwa zaidi ya kizazi kizima, juu ya meza za mafundi redio, na marufuku iliyoifungia kompyuta mlango mwaka 1974 haikuugusa utaratibu huo.

Tanzania haikuchelewa kuiona kompyuta. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hata hivyo, jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine lilileta hasara na vurugu, fedha za kigeni nazo zilikuwa haba, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali. Amri hiyo ilidumu katika miaka ile ile ambayo kompyuta ilianza kubadilika sura duniani. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo na kuchapisha michoro ya ndani yake, hivyo haikupita muda viwanda vingine vikawa vinatengeneza mashine na vipuri vinavyoingiliana nayo. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX, vilivyopanga matundu ya skrubu, plagi za umeme na ukubwa wa kasha, kiasi kwamba bodi ya kiwanda kimoja ingekaa ndani ya kasha la kiwanda kingine. Hapo ikawa rahisi zaidi kwa mtu asiye mhandisi kuunganisha kompyuta nyumbani kwa bisibisi moja. Watanzania wengi hawakuushuhudia mwanzo wa safari hiyo. Marufuku ililegea katika miaka ya 1980 na kuisha nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashine zilizowafikia watu wa kawaida baadaye zilikuwa hasa za mtumba. Kwa hesabu hiyo ingetazamiwa zikute watu wasiojua pa kuanzia.

Hazikuwakuta hivyo, kwa sababu ya redio. Redio haikupigwa marufuku. Serikali iliitaka ifike kila kijiji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, vyoo na maji, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio iliyobeba kazi kubwa namna hiyo ikiharibika haikutupwa, kwa kuwa mpya ilikuwa ghali na baadaye ikawa adimu. Betri zilizochoka zilianikwa juani zirudishe nguvu kidogo. Redio iliyokufa ilipelekwa kwa fundi, naye hakuwa na michoro wala kipuri halisi. Alikuwa na mizoga ya redio nyingine. Aidha, katika ukanda huu wa reli na mkonge ufundi wa mashine ulikuwa na mazoea ya zamani: korona ya kuchakata mkonge haiwezi kusubiri mtaalamu atoke Ulaya, na mkono unaoitengeneza leo huombwa kesho kutazama jenereta au pampu. Uhaba uliumiza watu, na sitausifu. Ila katika uhaba huo ndipo watu walipolazimika kujua chombo kimekufa wapi kabla ya kununua chochote.

Jambo lenyewe linaonekana vizuri mezani. Redio haitoi sauti. Fundi anapima betri kwanza, kisha mguso wa betri ulioota kutu, kisha swichi. Umeme ukiwa unafika, haanzi kung'oa kipuri kimoja kimoja. Anawasha redio na kugusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kidhibiti sauti. Spika ikivuma, anajua kwamba kuanzia hapo kwenda mbele, yaani sehemu ya kukuza sauti na spika yenyewe, kila kitu ni kizima. Ugonjwa uko nyuma, kwenye kunasa mawimbi. Isipovuma, ugonjwa uko mbele. Kwa mguso mmoja amegawa redio nzima mara mbili na kuitupa nusu isiyo na kesi. Mkulima wa Upare anaitambua akili hiyo. Ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia, hujazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi, na maji yasipofika shambani hakuna anayechimba mfereji wote. Mtu hupanda hadi katikati, na akikuta maji yanapita hapo, basi bomoko liko chini yake.

Sasa tuitazame kompyuta ya kwanza ya kijana wa Makanya. Amebonyeza swichi, feni zinazunguka, kioo ni cheusi. Fundi aliyelelewa na redio ataanza ukutani, kwa mita, kwa sababu umeme wa mwisho wa laini unaweza kushuka chini sana ya volti 230 unaotakiwa kuwa nazo, na nchi iliyopitia mgao mkali wa mwaka 2006 na ule wa 2011 imewafundisha mafundi wake kutouamini umeme kabla ya kuupima. Kisha atatoka nje ya mashine kuingia ndani: waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi ya picha au kwenye bodi? Plagi ndogo ya volti 12 inayolisha prosesa imekumbukwa? Hii husahauliwa mno, kwa kuwa feni huzunguka hata isipokuwepo. RAM imekaa mpaka vibanio vikalia? Chini ya bodi kuna vijiguu vya shaba, au bodi imelazwa juu ya bati la kasha na kupiga shoti? Bado kioo ni cheusi: ataitoa bodi nje ya kasha, ailaze juu ya boksi la karatasi, abakize prosesa, pawa saplai na spika ndogo tu. Halafu atafanya jambo linalomshangaza anayejifunza: ataondoa RAM zote kwa makusudi na kuwasha. Bodi ikilia kulalamika kwamba haina kumbukumbu, habari ni njema, maana bodi na prosesa viko hai na mshukiwa amebaki kwenye RAM au tundu lake. Ikinyamaza, kesi iko kwenye bodi, prosesa au umeme unaovilisha. Mlio ule na mvumo wa spika ya redio ni swali lile lile, limeulizwa kwa mashine mbili zilizoachana kwa miongo kadhaa.

Kuna atakayesema nimelinganisha visivyolingana: fundi redio alichomoa kapasita na kuilehemu nyingine, ilhali mwenye kompyuta hubadilisha kipande kizima, kazi isiyohitaji ufundi. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini inahusu mwisho wa kazi. Kubadilisha ni rahisi. Kujua cha kubadilisha ndiko kugumu, na hasa kwa mwenye fedha ya kipuri kimoja tu. Anayekisia kwamba prosesa imekufa, akaagiza nyingine Dar es Salaam, kumbe plagi ya volti 12 haikuchomekwa, amepoteza akiba yake kwa kukosa utaratibu ambao fundi redio angempa bure. Wengine watasema elimu hiyo ililetwa na vyuo, hasa baada ya sheria ya VETA ya mwaka 1994. Vyuo vimepanga masomo na kutoa vyeti, na heshima hiyo ni yao. Lakini mvumo wa spika ulikuwa ukitegwa sikio mezani kwa mafundi tangu zamani, kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba namremba fundi. Wapo wanaobahatisha, wanaoharibu kilichokuwa kizima, wanaobadilisha kipuri kizuri cha mteja kwa kibovu. Hilo nalikubali lote. Wala sitavuta nasaba mbali ili kuipamba hoja. Historia ya Upare inao Washana wa Ugweno, wafua chuma mashuhuri, na ingevutia kusema kijana wa leo amerithi mikono yao. Ila kati ya mvukuto na bodi ya kompyuta hakuna ushahidi wa mafunzo kupokezana, na fahari si ushahidi. Kwenye redio ushahidi upo, kwa kuwa meza iliyotengeneza redio ndiyo mara nyingi iliyopokea kaseti, kisha televisheni, simu na kompyuta. Ubahatishaji wenyewe unatokana na jinsi ujuzi huu ulivyohifadhiwa: mdomoni na machoni pa mwanafunzi, bila daftari. Fundi mzuri akifariki au akihama, anaondoka na mpangilio wa maswali yake, na anayebaki hurithi bisibisi bila maswali.

Itasemwa pia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwani vijana wana simu, na kompyuta ya mezani inazeeka. Mimi naona hapo ndipo haraka ilipo. Simu nyingi za leo zimegundishwa kwa gundi, vipuri vyake vimebanwa kwenye bodi moja, na mwenye nayo hawezi hata kutoa betri kwa urahisi. Kompyuta ya kuunganisha ni miongoni mwa mashine chache za kisasa zinazomruhusu anayejifunza kutenga sehemu, kuuliza na kupata jibu. Kizazi cha redio kilikuwa na chombo kinachofunguka, kikakosa kalamu. Kizazi hiki kina vyote viwili. Shule za sekondari na vyuo vya ufundi vya Same, na kwingine kokote, viwe na mashine moja iliyoharibiwa kwa makusudi na daftari la Kiswahili ambamo kila aliyeitafutia hitilafu anaandika alichoshuku, alichopima na alichokuta. Kwa daftari hilo ujuzi ambao marufuku ya 1974 haikuweza kuuzuia hautapotea pia kwa uzembe wetu wa kutouandika.