Kifaru, Tingatinga na Katambuga: Mabaki ya Magari ya Vita katika Ugogo

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wenye kukusanya magari ya Vita Vikuu vya Pili na kuyaweka nyumbani kwao. Mtu hununua Jeep au lori la jeshi lililooza, akalitengeneza miaka mingi bandani, akalipaka rangi na alama za kikosi chake cha zamani, kisha siku ya maonyesho akalitoa uani majirani walitazame. Huko Uingereza chama cha watu hao kiliundwa mwaka wa 1968. Na kabla ya hapo, mwaka wa 1947, makumbusho ya vifaru ya Bovington yalikwisha kufunguliwa kwa watu wote. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliulizwa mara nyingi kama kwetu nako kuna wakusanyaji wa namna hiyo. Swali hilo halifai kujibiwa kwa mzaha, maana mwaka ule ule wa 1947 mashine za vita zilianza kuletwa Ugogo kwa wingi, nazo hazikuja kupigana.

Serikali ya Uingereza ilitangaza Mpango wa Karanga mwanzoni mwa mwaka huo. Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia, na Frank Samuel wa United Africa Company alikuwa amependekeza mwaka wa 1946 kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. John Wakefield na wenzake wawili walizunguka nchi kwa miezi michache tu, na ripoti yao ikataka ekari zaidi ya milioni tatu zifyekwe. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Urambo na Nachingwea zikafuata. Mashine mpya hazikupatikana, kwa kuwa viwanda vilikuwa havijapona vita. Basi zikatafutwa zilizotumika: mabuldoza yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman ambavyo kiwanda cha Vickers kilivivua mnara na mzinga na kuvigeuza kuwa matrekta. Trekta hilo liliitwa Shervick, neno lililoshonwa kwa vipande vya majina mawili, kama vile mashine yenyewe ilivyoshonwa.

Mwisho wake wajulikana. Ardhi ya Kongwa ina miiba, mizizi na mibuyu. Udongo wake hukauka ukawa kama tofali, na changarawe iliyomo hula makali ya plau. Ekari 150,000 zilikusudiwa mwaka wa kwanza, lakini hata 1947 ikiisha zilizofyekwa Kongwa zilikuwa kama 7,500. Sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imelala gerejini. Mvua nazo zilikuwa zile zile ambazo kwa ajili yake Wagogo wamechagua uwele na mtama tangu zamani. Mpango ukafutwa Januari 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 za walipa kodi wa Uingereza zikapotea. Waingereza wamekwisha kuligeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha kuwacheka mawaziri wao. Mimi naona kichekesho hicho kimetuziba macho, maana hakina nafasi kwa dereva, fundi wala utingo wa Kiafrika, ambao ndio waliozipa mashine hizo majina.

Tulitazame neno kifaru. Waingereza waliita mashine hiyo tangi la maji, kwa kuwa walitaka kuwaficha adui zao kilichokuwa kikiundwa. Jina lao ni uwongo wa kivita uliosahau kurudi kambini. Kiswahili kilikitazama kitu chenyewe: ngozi nene, pembe mbele, na mwendo wa kuvunja vichaka. Lakini lililo kubwa zaidi ni upatanisho. Mnyama twasema kifaru yule anakuja, vifaru wale wanakuja. Mashine twasema kifaru kile kinakuja, vifaru vile vinakuja. Jina limechukuliwa, uhai umeachwa. Ndivyo ilivyo kwa ndege: wa porini huruka wengi, za abiria huruka nyingi. Mzungumzaji asiyejua kusoma huutenga uhai na chuma kwa kiambishi kimoja, wala hakosei.

Tingatinga ni wa ukoo mwingine, ule wa pikipiki, yaani neno lililorudiwa mara mbili kama mashine irudiavyo mlio na mtikisiko wake. (Msomaji asilichanganye na jina la mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka wa 1972.) Pamoja nalo yako maneno ya gereji, kama spana, giya, breki, springi na tairi, ambayo yalienezwa sana na madereva na mafundi, wakiwamo askari waliorudi vitani. Neno keya lenyewe ni herufi za K.A.R. zilizovaa sauti za Kibantu, kama vile Kariakoo ilivyotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Wapagazi hao wapasa kutajwa hapa. Majeshi ya van Deventer yalipoingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916, gari kubwa la vita lilikuwa ni bega la mtu. Wajerumani na Waingereza kwa zamu walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, na njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, ni kumbukumbu ya usafirishaji wa kijeshi kuliko Jeep yo yote. Hakuna atakayeipaka rangi na kuiweka uani.

Je, magari yenyewe yalikwenda wapi? Chuma hakikai bure katika nchi yenye mafundi. Tairi lililochakaa huwa katambuga, na springi ya lori ikipita katika mivukuto hutoka panga au jembe. Unabii wa Isaya, ambao Vickers walijaribu kuutimiza wakashindwa, mhunzi aliutimiza kwa nyundo. Kwa hiyo jibu la swali la ng'ambo ni kwamba vyombo hivyo vilihifadhiwa kwa kutumiwa. Leo hata mabaki hayo yafuatwa na wanunuzi wa chuma chakavu, nami siwalaumu.

Lawama ni yetu sisi wa lugha. Mathias Mnyampala alitoa kitabu chake cha historia na mila za Wagogo mwaka wa 1954, miaka mitatu tu baada ya mpango kufutwa, akiwa mwenyeji wa nchi hiyo. Taasisi zetu zina watu na vinasa sauti kuliko alivyokuwa navyo yeye. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka wa 1947 leo amekaribia 100. Hapana budi kwenda Kongwa, Urambo na Nachingwea sasa, kuwauliza waliosalia, na watoto wa waliokwisha kufa: sehemu za mashine ziliitwaje, fundi alimwamuruje utingo, na Shervick iliposimama shambani ilisemwa amekufa au imekufa.