Mafuriko ya miaka 100 yana maana gani?

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliupiga mji wa Bujumbura. Nyumba ziliporomoka katika mitaa ya kaskazini, ikiwamo Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha.

Wahandisi husanifu madaraja ili yahimili, mathalani, “mafuriko ya miaka 100”. Jina hilo hupotosha. Halimaanishi kwamba maji yakishapita hayatarudi hadi karne iishe, bali kwamba kila mwaka pana nafasi 1 katika 100 ya kufikia au kuvuka kiwango hicho. Daraja litakalodumu miaka 50 lina takriban nafasi 40 katika 100 za kukutana nayo walau mara moja.

Kukipata kiwango chenyewe ndiyo kazi. Ntahangwa, Muha na Kanyosha ni mito mifupi inayoshuka kwa kasi kutoka milima ya mashariki, ikibeba mawe na udongo. Kipimo kilichowekwa mtoni huweza kusombwa siku ile ile kinapohitajika. Hivyo mhandisi hutegemea kumbukumbu za mvua, ukubwa wa bonde na mteremko wake, kisha huwauliza wakazi maji yaliishia wapi ukutani. Ushahidi huo wa wazee usidharauliwe.

Karibu na ufuo, ziwa nalo huingia hesabuni. Tanganyika lilipofurika mwaka 2024, sehemu za Gatumba zilizama. Na ziwa likipanda, maji ya mto hukosa pa kutokea.