Chokaa Kwenye Picha ya Titi

Mwaka 1913, Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, ikiwa bado chini ya Wajerumani, daktari mpasuaji wa Berlin aitwaye Albert Salomon alichapisha utafiti ambao wenzake hawakuujali sana. Alikuwa amechunguza matiti yapatayo 3,000 yaliyokatwa kwa sababu ya saratani, akayapiga eksirei na kulinganisha picha hizo na alichokiona chini ya hadubini. Aligundua kwamba saratani hazifanani: nyingine zina mipaka inayoonekana wazi, nyingine zinatambaa ndani ya nyama ya titi bila mpaka. Aliona pia vitone vidogo sana. Vilikuwa chembe za chokaa, lakini hakuvipa uzito vinaostahili.

Salomon alikuwa Myahudi. Wanazi walipotwaa madaraka walimwondoa kazini, na mwaka 1938 wakamtia kambini. Alipotoka alikimbilia Uholanzi. Binti yake wa pekee, mchoraji Charlotte Salomon, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Nayataja haya kwa sababu elimu tunayoitumia leo imepitia kwenye maisha ya watu walioonewa, na jina lake halisikiki inavyopasa.

Aliyezirudia chembe zile ni Raúl Leborgne wa Uruguay. Karibu na mwaka 1950 alionyesha kwamba chokaa laini iliyokusanyika mahali pamoja ni dalili ya saratani, hata pale mkono usipohisi kitu. Katika miaka ya 1960 mashine ya eksirei iliyotengenezwa kwa ajili ya matiti tu ikaingia sokoni kutoka Ufaransa.

Kisha ikaja Sweden. Mwaka 1977 László Tabár, daktari wa picha aliyezaliwa Hungaria, alianza na wenzake jaribio kubwa katika majimbo mawili. Wanawake wa miaka 40 hadi 74 waligawanywa: wengine walialikwa kupigwa mamografia, yaani eksirei hiyo ya matiti, wengine hawakualikwa. Matokeo ya mwaka 1985 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa asilimia 31 miongoni mwa walioalikwa. Lakini Tabár hakuishia hapo. Aliendelea kuwafuatilia wagonjwa mwaka baada ya mwaka, akiwa na picha zao mkononi, kwa sababu kuna jambo lililomsumbua: kwa nini mwanamke mwenye uvimbe mdogo kabisa afe, na mwenzake mwenye uvimbe wa ukubwa uleule apone?

Mwaka 2000 alichapisha jibu lake katika jarida la Lancet. Alichukua saratani zilizokuwa chini ya milimita 15, yaani kubwa kidogo tu kuliko punje ya kahawa, akazipanga kwa sura zake kwenye picha. Uvimbe wenye miale kama nyota, usio na chokaa, ulikuwa na matumaini makubwa. Karibu wagonjwa wote waliendelea kuishi miaka mingi. Hali ilikuwa tofauti pale chokaa ilipoijaza mifereji ya maziwa na kufuata umbo lake, ikaonekana kama nyuzi zinazogawanyika matawi. Vifo vingi vya wanawake wenye uvimbe mdogo vilitoka katika kundi hilo.

Watafiti wa kwingineko walipopima, baadhi yao hawakuona tofauti kubwa kiasi hicho. Chokaa ya namna hiyo huandamana mara nyingi na saratani kali, hasa ile yenye protini ya HER2 kwa wingi, na tangu mwaka 1998 ipo dawa inayoilenga. Kwangu mimi hilo haliipunguzii picha thamani. Linaeleza kwa nini ilisema kweli.

Elimu hii yote, hata hivyo, imejengwa juu ya uvimbe mdogo. Mama wa Igamba, huko Mbozi, anayechuma kahawa, akihisi uvimbe hupitia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na huenda akaishia Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani waliijenga miaka ya 1890. Kwa Tanzania, takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hugunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wakati huo sura ya chokaa haina mengi ya kuongeza. Tena wengi huugua kabla ya kufika miaka 50, matiti yakiwa bado mazito. Kwenye mamografia nyama hiyo huonekana nyeupe na kuuficha uvimbe.

Ndiyo maana naona kazi ya kwanza Igamba ni mhudumu wa zahanati kufundishwa kupapasa matiti na makwapa kila mwanamke anapokuja, hata kama amemleta mtoto kliniki, na kumpeleka mapema kwenye ultrasaundi na kipimo cha nyama akihisi uvimbe. Mamografia ikipigwa, anayeisoma aandike umbo la chokaa pamoja na ukubwa wa uvimbe, maana atakayepanga dawa anavihitaji vyote viwili.