Wachwezi

Wachwezi ni watawala wa kale wa Kitara, eneo la magharibi mwa Uganda ya leo, wanaohesabiwa katika masimulizi kuwa nusu watu, nusu miungu. Kwa masimulizi ya Bunyoro, Isaza, mtawala wa mwisho wa Watembuzi, ukoo uliotawala kabla yao, alivutwa kuzimu na mfalme wa huko, Nyamiyonga, akamwoa binti wa mfalme huyo. Mjukuu wa Isaza, Ndahura, ndiye aliyeanzisha utawala wa Wachwezi, naye Wamara, mtawala wao wa mwisho, akaufunga. Baadaye walitoweka, na nafasi yao ikashikwa na ukoo wa Wabito, wenye asili ya Kiluo.

Wachwezi waliendelea kuombwa kama mizimu. Ndahura alihusishwa na ndui, na mti wa Nakayima huko Mubende, unaohusishwa naye, bado hutembelewa na waumini.

Rangi yao nyeupe inayosimuliwa, pamoja na kutoweka kwao, vimewafanya baadhi ya watu wa sasa kudai kwamba walikuwa wageni kutoka sayari nyingine, waliokuja kwa vyombo vya angani. Hakuna ushahidi wa madai hayo. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, ambayo masimulizi huyahusisha na Wachwezi, yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Wanaakiolojia Peter Shinnie (1957) na Merrick Posnansky (1960) walichimba hapo. Vilivyopatikana, vikiwemo vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe, vinaonyesha maisha ya wafugaji.

Wanahistoria wengine huwaona Wachwezi kuwa watawala halisi waliotukuzwa baadaye. Wengine, kuwa miungu iliyopewa nasaba ya kifalme.