Mwindaji na Mchukuzi Wake

Mtaa wa Kariokor, jirani ya Ziwani katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, una jina ambalo wakazi wake hulitamka kila siku bila kuuliza limetoka wapi. Si jina la mto, wala si la mzee wa ukoo. Ni jina la Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wachukuzi, kilichoundwa na Waingereza mwaka wa 1914 ili kubeba chakula, risasi na majeruhi katika vita vyao na Wajerumani wa Afrika ya Mashariki. Kambi ya kikosi hicho ilikuwa mahali hapo. Ndimi za watu zikalipokea jina la kigeni zikalilainisha: Nairobi likawa Kariokor, na Dar es Salaam likawa Kariakoo.

Habari za vita hivyo husomeshwa shuleni. Isiyosimuliwa sana ni habari ya kwamba kazi ya uchukuzi ilikuwako Nairobi kabla ya vita, na kwamba tajiri aliyeilipia alikuwa mara nyingi mwindaji. Wageni walikuja kwa meli kutoka Ulaya na Marekani ili wawinde wanyama wa nchi hii, na kila mmoja alihitaji vichwa vya watu vya kumbebea hema, chakula, bunduki, na hatimaye ngozi na pembe za wanyama aliowaua. Yafaa basi tutazame jambo hili kwa makini: ni nani aliyeruhusiwa kuanza kazi ya uwindaji katika Kenya, kwa bei gani, na ni nani aliyekatazwa?

Zamani mlango wa uwindaji haukuwa na bei. Ulikuwa na mafunzo. Miongoni mwa Wawata, wanaoishi katika nyika iliyo nyuma ya pwani, kandokando ya mto Galana na mto Tana, mtoto alianza na upinde mdogo, akilenga ndege na wanyama wadogo, huku akijifunza kusoma nyayo na kutambua upepo unavumia wapi. Upinde mkubwa ulikuja baadaye, na haukuwa mchezo. Kuuvuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, hata wataalamu wa silaha wameulinganisha na pinde ndefu walizotumia Waingereza katika vita vya zama za kati. Ncha ya mshale ilipakwa sumu ya mti uitwao msunguti, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, kisha ikafungwa kwa ngozi laini isikauke na isimdhuru mwenyewe. Sumu hiyo huua inapoingia damuni, walakini nyama ya mnyama huyo huliwa bila dhara, ikiwa sehemu iliyo karibu na jeraha imekatwa na kutupwa. Ujuzi wa namna hii hupatikana kwa miaka mingi, na kwa makosa ya wazee waliotangulia.

Wakamba nao walikuwa mabingwa wa mshale wa sumu. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani, na mmoja wa wakuu wao, Kivoi, alijulikana mpaka Mombasa. Ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1849. Pembe hizo zilivuka bahari zikawa vibao vya kinanda na mipira ya biliadi katika nyumba za matajiri. Kwa hiyo tusidhani kwamba ndovu waliishi kwa amani mpaka alipofika Mzungu. Biashara ilikuwa imekwisha kuwapunguza sana katika sehemu nyingi, na bunduki iliongeza kasi.

Mwaka wa 1900 wajumbe wa serikali za Ulaya zilizotawala Afrika walikutana London, wakatia sahihi mapatano ya kuhifadhi wanyama wa mwitu. Walikubaliana juu ya leseni, juu ya mahali pa hifadhi, na juu ya kupunguza matumizi ya mitego ya mashimo na nyavu. Hofu yao haikuwa ya bure, maana kule Afrika ya Kusini walowezi walikuwa wamemaliza kabisa mnyama aitwaye kwaga, ndugu wa punda milia. Lakini tazama jinsi shabaha ilivyogeuka. Shimo na wavu vilikuwa vyombo vya Mwafrika. Bunduki ilikuwa chombo cha Mzungu. Sheria ilikiona kile cha kwanza kuwa ni ukatili, na cha pili kuwa ni mchezo wa kiungwana.

Katika Kenya ya siku zile leseni ya mgeni mwindaji iligharimu paundi 50, yaani rupia 750. Mpagazi wa Nairobi alipata takribani rupia 10 kwa mwezi. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: ingemlazimu mpagazi afanye kazi miezi 75, zaidi ya miaka sita, bila kula, bila kodi ya kibanda, ili apate ile karatasi tu, na bunduki hana, wala serikali isingemruhusu kuwa nayo. Naye mtu aliyewinda kwa upinde kama babu yake alivyowinda, bila kibali, sasa aliitwa mhalifu. Mtu alilala mwindaji akaamka jangili, na upinde wake haukubadilika hata kidogo.

Mfano mkubwa wa uwindaji wa leseni ni safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka Machi 1909. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapanda gari la moshi la kwenda bara, na mara nyingine alikaa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Safari yake ilitayarishwa na kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi, iliyofanya kazi ya kuwapatia wageni mahema, vyakula na wapagazi. Wapagazi wake walipita 200. Mzigo wa mmoja ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27. Katika mizigo hiyo mlikuwa na tani nne za chumvi, si kwa kutia mchuzini, bali kwa kuhifadhia ngozi.

Roosevelt aliandika mwenyewe hesabu ya wanyama waliouawa kwa bunduki yake na ya mwanawe mpaka walipomaliza safari huko Khartoum mwaka wa 1910. Jumla ilikuwa 512. Yeye 296, na Kermit 216. Humo walikuwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Wengi wao walipelekwa katika majumba ya makumbusho, hasa la Washington, na ni haki kusema kwamba wataalamu walijifunza mengi kutokana nao. Ni haki vilevile kuuliza mtu wa Ukambani angehukumiwaje kama angaliua vifaru 20.

Kati ya tajiri na mpagazi alikuwako mtu wa tatu, naye ni mshika bunduki. Huyu hakubeba mzigo kichwani. Alikwenda hatua moja nyuma ya mwindaji, akiwa na bunduki ya pili imekwisha jazwa risasi, tayari kuitia mkononi mwa bwana wake pale simba ajapo. Alihitaji macho makali, mguu mwepesi na moyo usiotetereka, kwa sababu akikimbia, tajiri amekufa. Katika kitabu cha Roosevelt yumo Juma Yohari, Mswahili wa Unguja, aliyekuwa mshika bunduki wa Kermit. Aghalabu watu wa namna hii ndio waliomwona mnyama kwanza, wakamfuata kwa nyayo, wakamwonyesha mgeni kwa kidole. Mgeni alifyatua tu. Katika picha, mgeni huonekana ameketi juu ya mnyama, na jina lake limeandikwa chini. Aliyesimama kando yake mara nyingi hana jina. Wako waliosema kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya uwindaji kwa Mwafrika. Kwangu mimi ilikuwa shule ya ajabu, maana mwanafunzi wake alifaulu kila mtihani wala hakupewa cheti.

Vita vilipoanza Agosti 1914, watu waliojua kubeba ratili 60 katika nyika walitakiwa upesi, na wengine wengi wasiowahi kubeba chochote walichukuliwa kwa nguvu. Mwaka wa 1917 serikali ilifanya msako mkubwa, ikapata wanaume wapatao 120,000 kutoka Kenya kwa miezi michache. Walikwenda kusini mpaka Rufiji na mbele yake. Walipewa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, mara nyingi hakikuiva, wakaharisha damu; mvua ikawanyeshea, homa ikawamaliza. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilizidi hapo. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Katika vita hivyo mwindaji na mchukuzi walikutana tena. Frederick Selous, Mwingereza aliyesifika kuliko wawindaji wote wa zama zake, na aliyemsaidia Roosevelt kupanga safari yake, alijiunga na jeshi akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60. Aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lipo mpaka leo na jiwe lake, na pori kubwa la wanyama la Tanganyika likaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wachukuzi waliokufa katika mabonde yayo hayo hawana jiwe. Wana sanamu moja katika Kenyatta Avenue, Nairobi, ya mchukuzi akiwa pamoja na askari wawili, na wana jina la mtaa.

Uwindaji wa leseni uliendelea baada ya vita, sasa kwa motokaa. Mwaka wa 1934 wawindaji waliowaongoza wageni kwa ujira walikutana Nairobi wakaunda chama chao. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1946, na ya Tsavo mwaka wa 1948. Mipaka ya Tsavo ilichorwa juu ya nchi waliyowinda Wawata tangu zama. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ilifanya kampeni kali dhidi ya majangili humo, na wanaume wengi wa Kiwata walifungwa gerezani. Hata maofisa waliowakamata walistaajabia ustadi wao, na baadhi yao waliona wazi kwamba kabila zima haliwezi kuishi gerezani. Ndipo mwaka wa 1960 ulipoanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Wawata wawinde ndovu kwa ruhusa na kwa kiasi, na pembe ziuzwe kwa halali. Lilikuwa wazo jema kuliko yote yaliyotangulia. Lakini wafanyakazi wakawa wengi na mapato yakawa machache, na katikati ya miaka ya 1960 mpango ukafa.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, leseni ikabaki. Tena bei ya pembe katika soko la dunia ikapanda mno katika miaka ya 1970, na wauaji wapya wakatokea, wenye bunduki za kijeshi na wakubwa wa kuwakinga. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, isipokuwa ndege wa aina fulani. Na mwaka wa 1978 ikafunga maduka ya pembe, ngozi na mapambo yatokanayo na wanyama wa mwitu. Kwa mara ya kwanza mwenye paundi 50 na mwenye upinde walisimama mbele ya sheria moja. Chama cha wawindaji kilivunjika mwaka huohuo wa 1977.

Je, marufuku iliwaokoa ndovu? Si upesi. Inakadiriwa kwamba walikuwa 167,000 mwaka wa 1973, na kufikia 1989 wamebaki wapatao 16,000. Julai mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na miezi michache baadaye mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe duniani. Tangu hapo idadi imeongezeka polepole. Sheria ya mwaka 2013 imeweka kifungo cha maisha kwa makosa makubwa juu ya wanyama walio hatarini, na imeagiza pia fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama wa mwitu. Watu wa vijijini hulalamika kwamba fidia huchelewa mno. Ndovu hawajui mpaka wa mbuga. Wakati wa kiangazi hutoka Tsavo wakaingia mashambani, na wajukuu wa wale wapiga mishale huwafukuza usiku kwa mienge na kwa kugonga mabati.